Kusi Mgongoni: Kuizunguka Pemba kwa Baiskeli

Ijumaa, Unguja

Mwezi wa nane kusi, upepo utokao kusini, bado lina nguvu, na hilo ndilo lililoamua njia yetu. Anayetaka kuzunguka Pemba kwa baiskeli msimu huu na aanzie Mkoani kule kusini, apande kaskazini kwenda Chake, Wete na Konde, upepo umsukume mgongoni. Akianzia Konde atakula upepo wa uso kutwa nzima, na kwa mtu ambaye miguu yake imekaa miaka mingi bila kupiga pedeli, hiyo ni sababu tosha ya kuiuza baiskeli akirudi nyumbani. Kurudi kusini tutarudi nalo usoni, hakuna namna, lakini kwa wakati huo mwili utakuwa umeshazoea.

Mimi niliacha baiskeli nilipovunja ungo. Hakukuwa na ugomvi wala mtu aliyenikataza kwa sauti. Baiskeli ya nyumbani ilihamia kwa kaka yangu, nami nikahamia jikoni, kisha kwenye cherehani ambayo mpaka leo ndiyo kazi yangu. Wasichana wengi wa rika langu pale Ng'ambo yaliwakuta hayo hayo. Mwaka huu, watoto wameshakuwa wakubwa, nimeirudia: kwanza alfajiri viwanja vya Maisara, kisha barabara ya Bububu kabla magari hayajawa mengi. Mizani ilirudi siku ile ile, dakika chache tu. Vilivyopotea ni pumzi, nguvu za mapaja, na ile imani kwamba gari linalokuja nyuma litakupita salama. Hivyo haviji kwa siku moja, na imani ndiyo inayochelewa kuliko vyote.

Naenda na binti wa mdogo wangu, ambaye anaendesha kila siku kwenda chuo. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mama mkubwa, Maisara umeshaimaliza, twende Pemba." Nilimuuliza kama anaijua milima ya Pemba. Akasema anaijua ndani ya gari.

Leo nimemaliza nguo. Nasema hili kama fundi: nguo inawazuia wanawake wengi kuliko hofu ya kuanguka. Dera la kawaida lina kitambaa kingi chini, na kitambaa kingi hutafutwa na mnyororo. Ukilibana sana, goti halipandi. Nimeshona magauni mawili ya pamba yanayoishia chini ya goti, kila upande rinda moja refu linaloanzia chini ya nyonga, ili kitambaa kifunguke goti linapopanda na kijifunge linaposhuka. Ndani ni suruali pana yenye lastiki kwenye kifundo cha mguu. Hijabu ni ya kushona, fupi, haina ncha ya kupeperuka. Poliesta nimeikataa kabisa, maana hainyonyi jasho, linabaki ngozini.

Baiskeli zetu ni za mtumba, zenye giya. Fundi wa mtaani kanyoosha rimu ya nyuma, katia grisi, na mnyororo nimeupaka mafuta mwenyewe. Kiti nimekipima kwa njia niliyofundishwa: ukiweka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiendesha kwa unyayo wa mbele, goti linabaki na mkunjo mdogo. Watu wazima wengi wanaorudia baiskeli huweka kiti chini ili miguu yote miwili ifike ardhini, wapate kujiamini. Magoti ndiyo yanayolipa.

Jumamosi, Mkoani – Chake Chake

Meli ilitutua Mkoani asubuhi ikiwa bado changa. Mabaharia walizifunga baiskeli kwa kamba kwenye nguzo pamoja na magunia ya vitunguu, zikafika salama, pedeli moja tu imekwaruzwa.

Ukitoka gatini Mkoani unakaribishwa na mlima. Hakuna bapa la kupashia miguu. Barabara inainuka kutoka baharini moja kwa moja kwenda mjini, na watu wote walioshuka melini wanapita hapo hapo wakikutazama. Nilitia giya nyepesi kabisa, nikapiga pedeli mpaka kwenye duka la kwanza, moyo ukawa unagonga masikioni. Mpwa wangu alishasimama, ameshuka, anakokota.

"Shuka, mama mkubwa. Hapa hata wenyewe wanakokota."

Na kweli. Mbele yetu kulikuwa na mzee mwenye kofia ya kiua amefunga kwenye keria mikungu miwili ya ndizi mbichi, anaisukuma baiskeli yake pole pole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti. Hakuhema. Alipofika juu alipanda, akashuka mteremko mpaka bondeni, akashuka tena, akakokota. Tulimfuata zaidi ya saa nzima bila kumpita. Pemba haina mlima mrefu. Ina vilima visivyokwisha, vifupi na vikali, na kila bonde lina mpunga na kila kilima kina mikarafuu. Mwenyeji hagombani navyo: pa kuendesha anaendesha, pa kukokota anakokota, na jioni anafika.

Tangu pale nikaacha kuhesabu kukokota kuwa ni kushindwa. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wazima wengi wakinunua baiskeli, wakapanda mlima mmoja kwa hasira mpaka wakatapika, na baiskeli ikaishia kuanikiwa nguo. Mtoto anapanda mlima kwa fujo kwa sababu mwili wake unarudi sawa kwa kulala usiku mmoja. Mwili wa miaka arobaini na kitu unahitaji siku mbili au tatu, na nguvu yake iko kwenye kwenda mwendo ule ule saa nyingi. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku unapiga pedeli, mwendo ni huo. Sentensi ikikatika katikati, shuka.

Karibu na Mtambile tairi yangu ya nyuma ililegea. Fundi tulimpata chini ya mwembe, kijana wa miaka ishirini hivi. Aliipindua baiskeli, akaisimamisha kwa kiti na usukani, akaingiza mipini ya vijiko viwili kati ya tairi na rimu, akaivua tairi upande mmoja bila hata kulitoa gurudumu. Akavuta tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji kipande kwa kipande, anaizungusha kwa vidole. Povu dogo likapanda, mfululizo, jembamba. Akaweka alama kwa kalamu ya wino, akakausha kwa upindo wa kanzu, akasugua kwa msasa mpaka weusi wa mpira ukawa kijivu, akapaka solusheni. Kisha akasubiri. Mpwa wangu alidhani amesahau. "Ikikauka kidogo ndiyo inashika," akasema. Kiraka alikikata kwenye tyubu kuukuu, mviringo, bila kona, maana kona huanza kubanduka. Akakibandika, akakigonga kwa nyundo ndogo juu ya gogo.

Kabla ya kurudisha tyubu alipitisha vidole ndani ya tairi, taratibu, duara nzima. Akasimama, akatoa mwiba usiozidi punje ya mchele, akaniwekea kiganjani. Asingeutafuta, tungepata pancha nyingine kabla ya kufika Chake.

Alipomaliza akaniuliza, "Wendapi mama?"

"Twenda Chake. Keshokutwa Wete, halafu Konde."

"Kwa hii baskeli?" Akaitazama, akaminya tairi ya mbele, akaongeza upepo bila kuombwa. "Utafika. Mteremko wa mbele una kona, usiikamate breki ya mbele peke yake."

Ushauri huo umenisaidia mchana kutwa. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini ukiibana peke yake kwenye kona yenye mchanga, gurudumu linateleza na hakuna la kufanya. Nilikuwa nazibana zote mbili kidogo kidogo kabla ya kona, naziachia ndani ya kona. Gari za abiria za namba 603 zilikuwa zikitupita zimejaa, makonda wanatupungia. Kila gari lilipopiga honi nyuma yangu mabega yalikuwa yanapanda mpaka masikioni, na mikono ikakakamaa. Kufika jioni nilikuwa nimegundua kwamba mabega ndiyo yaliyochoka kuliko miguu.

Tulifika Chake kabla ya magharibi. Kutoka Mkoani si zaidi ya kilomita 30 na kitu, na kwa gari ni mwendo mdogo. Sisi ilikuwa siku nzima. Usiku tulikula pweza na muhogo barabarani, tumekaa kwenye benchi, mpwa wangu akilala kwa kukaa.

Jumapili, Chake Chake na Pujini

Nimeamka siwezi kukaa. Si mapaja, ni ile mifupa miwili ya makalio inayobeba uzito juu ya kiti. Hii haina dawa ila siku. Kiti kilaini sana hakisaidii, kwa sababu mtu anazama na nyama inasuguliwa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na ganzi mpaka saa nne, kwa kuulalia usukani. Nimeunyanyua usukani kidogo, na nimejiamuru kubadilisha mahali pa kushika kila baada ya muda.

Kukaa kitandani kungeuongeza ukakamavu, kwa hiyo tulikwenda Pujini bila mizigo. Njia ni ya taratibu, inapita vijiji na mabonde ambayo mpunga umeshavunwa, ng'ombe wamefungwa kwenye mabua. Magofu ya Pujini ni ya ngome ya karne ya 15 ambayo watu wa Pemba wanaihusisha na Mkama Ndume, mtawala ambaye ukali wake unasimuliwa mpaka leo. Inasemwa aliwafanya watu wabebe mawe ya ujenzi huku wakijiburuta kwa makalio. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ndiye aliyetueleza, na alituonesha kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa bwana huyo, waliokuwa wakioneana wivu, wasionane wanapochota maji. Kisha akauliza habari ya nguo yangu, akalivuta rinda kwa vidole kuona lilivyoshonwa.

Wanaume tuliokutana nao njiani walijibu salamu na kuendelea na shughuli zao. Nilijiandaa kwa maneno ambayo hayakuja.

Jumatatu, Chake – Wete, njia ya zamani

Kuna barabara mbili za kwenda kaskazini. Tumechagua ya zamani, nyembamba, kona kwa kona, miti imekutana juu. Magari ni machache na kivuli ni kingi. Kwa anayeanza upya, kivuli na uchache wa magari vina thamani kuliko lami nzuri.

Karafuu zimeanza. Unazisikia puani kabla hujaziona. Kila uwanja wa nyumba una jamvi, na juu ya jamvi karafuu za hatua mbalimbali: za jana bado kijani na wekundu kidogo, za juzi zimegeuka hudhurungi, za siku nne zimeshakuwa nyeusi na zinalia zikikanyagwa. Tulisimama kupumzika kwenye nyumba moja ambako akina mama na watoto walikuwa wamelizunguka rundo, wanachambua. Karafuu huchumwa kabla hazijafunguka, kishada kizima, halafu zinatengwa na makonyo, yaani vijiti vyake. Ukifunga mkono juu ya kishada na kuzisokota kwa gumba zinadondoka. Niliomba nijaribu. Vidole vyangu vya cherehani vilizoea haraka, na ile ganzi ya jana ikaisha kabisa.

"Kilo tatu mbichi, kavu hupati ila moja," alisema bibi mwenye nyumba. "Na mvua ikinyesha hapa katikati, hata hiyo moja inaharibika." Alikuwa anatazama mawingu kila baada ya sentensi. Aliuliza tunatoka wapi, nikamwambia Unguja. "Na nyie si mlikuwa nazo karafuu?" akasema. Kimbunga cha mwaka 1872 ndicho kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo haikupigwa hivyo, ikawa ndiyo shamba kubwa tangu wakati huo mpaka leo. Bibi yule alilisema kama jambo la familia mbili zinazojuana. Alitupa chai ya mdalasini na mkate wa kumimina, akakataa pesa, akatufungia machungwa kwenye mfuko.

"Mwanangu," aliniambia tulipokuwa tunaondoka, "mimi nilikuwa naiendesha ya marehemu mume wangu humu shambani, usiku, kwenda kuwaita watu akiugua mtoto. Mchana sikuipanda hata mara moja." Akaigonga keria yangu kwa kiganja, akanisukuma hatua mbili tatu za mwanzo, nami nikaondoka.

Niliendesha kitambo kirefu bila kusema neno. Mpwa wangu naye hakusema.

Tulikata njia kwenda Kidike kuwaona popo. Popo wa Pemba hawapatikani porini mahali pengine popote duniani, na mabawa ya mkubwa yakinyooshwa yanakaribia mita 1.6. Miaka ya 1990 walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanakijiji wa Kidike wakawalinda, wakaweka utaratibu wa mgeni kulipa kidogo, na leo miti imejaa. Mchana wananing'inia wamejifunika, rangi yao ya machungwa iliyoiva. Mmoja akiamka anajipepea kwa bawa, jirani anapiga kelele, tawi zima linachafuka. Wanakula matunda na kuzisambaza mbegu, kwa hiyo msitu nao unawategemea.

Kutoka Kidike mpaka Wete nilikokota vilima vitatu vinne tu. Vingine nilivipanda nimekaa, giya nyepesi, naongea.

Jumanne, Wete

Mvua ya rasharasha tangu alfajiri. Tumefikia kwa shangazi yangu, na shangazi hakuruhusu tutoke. Tumelala mchana, tumefua nguo. Nimesafisha mnyororo kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, nikaupaka mafuta upya. Maji ya mvua na mchanga vikikutana kwenye mnyororo vinayala meno yote ya giya. Nimemfikiria yule bibi na karafuu zake zilizoanikwa.

Jumatano, Wete – Konde – Vumawimbi

Siku bora mpaka sasa. Kusi limepiga mgongoni tangu tulipotoka mjini, na kwenye bapa tulikuwa tunaenda bila kujitahidi, nguo zimejaa upepo. Konde tulifika mapema kuliko tulivyowaambia wenyeji wetu, tukaacha mizigo kwao, tukaendelea.

Baada ya Konde ni msitu wa Ngezi. Hewa inabadilika ghafla: baridi, unyevu, harufu ya majani yaliyooza. Huu ni mabaki ya msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu kupandwa. Kuna miti ambayo mikono ya watu watatu haiizungushi, na mivumo iliyosimama majimaji pembeni. Mlinzi wa msitu alitueleza kwamba kima punju walioko humu waliletwa kutoka Jozani, Unguja, mwaka 1974, wachache tu. Hatukuwaona. Tulisikia matawi.

Humo msituni njia ni laini na hakuna gari, na mpwa wangu akanifundisha jambo nililokuwa naliogopa tangu Maisara: kutazama nyuma huku baiskeli inakwenda. Mtu akigeuza kichwa, mabega yanafuata, mikono inafuata mabega, na baiskeli inakwenda alikotazama. Dawa yake ni kuuachia mkono mmoja, uuweke pajani, ndipo ugeuze kichwa. Mkono uliobaki haukazwi. Nilirudia, nikayumba, nikarudia, mpaka nikaweza kuona rangi ya mtandio wake nyuma yangu na gurudumu la mbele halijatoka kwenye mstari. Imani niliyoitaja Ijumaa ilianza kurudi hapa, na ilirudi kupitia shingo. Ukishaweza kuliona gari linalokuja, honi yake haikushtui.

Njia ya kushukia Vumawimbi ina mchanga mwingi. Tulipunguza upepo kwenye tairi ili zitanuke, tukaenda kidogo, kisha tukakokota. Ufukweni hakukuwa na mtu ila wavuvi wawili wanaoshona nyavu. Mpwa wangu aliingia baharini na nguo zake zote. Mimi nilitia miguu mpaka magotini, nikasimama humo mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Maji ya chumvi yamepoza misuli kuliko dawa yoyote ya kuchua niliyobeba.

Alhamisi, Konde – Tumbe – Chake

Tulipita Tumbe asubuhi ngarawa zikiwa zinarudi. Mnada wa samaki hapa unaenda haraka, bei inapandishwa kwa nyusi zaidi kuliko kwa mdomo. Wachuuzi wa samaki wenye baiskeli walikuwa wengi: tenga la ukindu nyuma, changu na vibua, jani la mgomba juu, na wakishalipa wanaondoka mbio, maana samaki hawangoji. Hawa ndio waendeshaji hasa. Baiskeli zao hazina giya hata moja, na mlima wa kutoka pwani waliupanda wamesimama juu ya pedeli, mwili wote upande huu, kisha upande ule. Karibu na hapo yako magofu ya Chwaka, msikiti na makaburi, likiwemo kaburi la Haruni, anayesemwa kuwa mtoto wa Mkama Ndume. Tulisimama, tukasoma Fatiha, tukaendelea.

Kisha kusi. Tangu tulipogeuka kusini limetupiga usoni bila kupumzika. Upepo una uchovu wake, tofauti na wa mlima: mlima una mwisho unaouona, upepo hauna. Tulipokezana. Mmoja anatangulia, wa nyuma anamkaribia, gurudumu lake la mbele liwe mkono mmoja nyuma ya lile la nyuma la mwenzake, na upepo unampita juu. Wa mbele akichoka anasogea pembeni, wa nyuma anapita. Mwanzo yeye alikaa mbele muda mrefu, mimi kidogo. Baada ya Mzambarauni alilegea, alikuwa hajala vizuri asubuhi, nikamwambia akae nyuma yangu. Nilishusha viwiko, nikatazama mstari wa lami mita chache mbele, nikapiga pedeli kwa mwendo ule wa cherehani ya mguu ninaoujua maisha yangu yote, usiopanda wala kushuka. Alikaa hapo nyuma mpaka tulipouona uwanja wa Gombani.

"Mama mkubwa, ulikuwa hunisikii? Nimekuita mara ngapi tusimame."

Upepo ulikuwa unavuma masikioni. Sikusikia chochote.

Ijumaa, Chake – Mkoani

Tuliondoka baada ya sala ya Ijumaa, jua likiwa limeanza kuinama. Mipira ya breki ya nyuma imekwisha, miteremko ya Pemba ni kazi kubwa kwa breki. Yule fundi wa Mtambile akatutilia mipya, na akanionesha kukaza waya mwenyewe kwa kuizungusha ile nati ndogo iliyo kwenye usukani, bila spana. Aliuliza kama tulifika Konde. Tukamwambia tumefika mpaka Vumawimbi. Akamwita mdogo wake wa kike kutoka ndani, msichana wa darasa la sita au la saba, akamwambia, "Hawa ndio wale." Msichana alitaka kujua kama giya zinasaidia kweli. Nikampa baiskeli yangu. Alikwenda mpaka kwenye mkunazi, akageuza, akarudi, akabadilisha giya, akaenda tena. Kiti kilikuwa kirefu kwake na hakuona shida.

Ule mlima wa mwisho kabla ya Mkoani nilikokota nusu, nikaendesha nusu. Mteremko wa gatini tuliushuka pole pole, breki zote mbili.

Meli ni kesho asubuhi, tiketi tunazo, baiskeli tumezifungia ndani ya nyumba ya wageni. Mpwa wangu ameshaanza kupanga Makunduchi kwa Jumapili ya wiki ijayo, na anataka kuja na wenzake wawili wa chuo. Mmoja ana baiskeli. Wa pili hana, na hajapanda tangu akiwa shule ya msingi. Namjua anayeuza moja ya mtumba pale Mwanakwerekwe, fremu ya chini, rimu nzima, ila inataka mnyororo mpya. Nitaipitia Jumatatu.